Pale Niliposimama

Kasulu, Jumatano

Hata shangazi ameiona! Leo sokoni amenishika mkono huku akicheka mpaka machozi. "Mwanangu, yale maji ya bahari uliyamaliza yote?"

Kumbe Edson, mchumba wangu, ameirusha kwenye kundi la familia ile video ya Dar, ya siku niliyojifunza kusimama kwenye ubao juu ya mawimbi. Humo naanguka tu, natema maji ya chumvi, naanguka tena.

Mwalimu alituambia mapema, tukiwa bado mchangani, kwamba siku ya kwanza ni ya kuanguka, tusione aibu. Sikuona. Na mwishoni mimi, nisiyejua hata kuogelea, nilisimama, wimbi likanisukuma mpaka ufukweni. Nilipiga kelele kama mtoto.

Jioni nimempigia Edson. "Mbona pale niliposimama hapapo?"

"Pale hapachekeshi, bwana. Nilipafuta."

Hakusita hata kidogo. Na huyu ndiye ninayekwenda kuishi naye. Naogopa, sitaki kujidanganya.

Mama ameuliza fundi aanze lini kukata kitambaa cha gauni la harusi. Nimemwambia asikate kwanza.