Kwa Nini Tulikula Uani Siku ya Pili ya Mwaka Mpya

Lukang, Taiwan,
Machi 1, 1996.

Mpendwa Shangazi Yu-chih,

Hujambo huko São Paulo? Mgongo wa Bwana Tsai unaendeleaje, na joto la huko limepungua? Mimi sijambo kiasi, ila pua imeziba na naandika huku nikipiga chafya, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Mama ameniambia ulipiga simu ukiwa na hasira. Umesikia eti mimi na mume wangu tulikataa kuingia nyumbani kwa Bibi siku ya pili ya mwaka mpya wetu wa kalenda ya mwezi, siku ambayo binti aliyeolewa humpeleka mumewe kwa wazazi, tena mwaka wetu wa kwanza. Ni kweli hatukuingia. Lakini Bibi ni mama yako mzazi, basi naomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua mimi ni mwanamke wa namna gani.

Nianze na Kuo-tung, maana hukumwona harusini. Anachonga milango ya mahekalu. Shangazi, ana mikono ambayo ikigusa ubao, ubao unachanua maua, na akiniita jina langu nasahau nilichoinjika jikoni. Miezi mitatu tu, nimeshaunguza masufuria mawili. Nampenda mpaka naona haya. Na ni mkaidi kuliko watu wote wa kisiwa hiki.

Siku tatu kabla ya mwaka mpya alianza kupiga chafya. "Ni vumbi la mbao tu, mke wangu." Kesho yake koo likamuuma, kamasi zikamtiririka, kikohozi kikaingia. "Vumbi," akasema tena, kwa sauti kama ya bata.

Mama mkwe alinilaumu mimi, eti nilimwacha alale na nywele mbichi. Akampikia tangawizi na sukari guru. Wifi yangu akaleta chungwa lililopikwa kwa mvuke na chumvi. Jirani akaja kusema mafua yake ni ya joto, si ya baridi, na tangawizi itammaliza. Walibishana jikoni kwangu asubuhi nzima. Kuo-tung akanywa vyote asimuudhi mtu, mimi nikaosha mabakuli.

Nikamburuta zahanati, Mama mkwe akatufuata. Daktari, dada kijana tu, alimwangalia koo na masikio, akamsikiliza kifua. Akasema ni mafua ya kawaida, yanaletwa na virusi. Apumzike, anywe vitu vya moto, asukutue koo kwa maji ya chumvi, ameze vidonge vya homa. Yatakwisha kwa siku saba hadi kumi. Homa ikipita siku tatu au pumzi zikimbana, arudi upesi. Sindano hakutoa, wala antibayotiki, kwa kuwa haziui virusi.

"Daktari gani hana hata sindano?" Mama mkwe alisema tukiwa bado mlangoni. "Maneno hata mimi ninayo."

Ndipo nikauliza kuhusu Bibi. Unajua kifua chake, na jinsi mwaka juzi alivyolazwa akipumua kwa mashine. Daktari akaweka kalamu chini. "Usimpelekee mafua haya. Na wewe unayelala na mumeo, usijihesabu mzima."

Siku ya kwanza ya mwaka homa ikampanda. Mama mkwe akavifungia vidonge kabatini, kwa sababu anayemeza dawa siku hiyo atazimeza mwaka mzima. Kuo-tung akakaa anapokea wageni, masikio yamewiva. "Siku moja tu," akaninong'oneza. "Tusimuudhi Mama." Nilimkanda kwa taulo la maji nikiwa nimevimba kwa hasira, na bado alikuwa mzuri na mashavu yake mekundu, nikazidi kukasirika.

Sasa niambie, Shangazi, ungefanyaje? Nikienda peke yangu, mtaa mzima utasema nimeshaachika. Tusipokwenda, Bibi ana miaka themanini na sita na amekuwa akihesabu siku. Tukiingia, tunamwingizia ugonjwa chumbani.

Tukaenda, tukasimama langoni na barakoa zetu za pikipiki. Baba alikuwa ameshamwekea mkwe kiti cha heshima. "Mnanitia aibu mbele ya majirani," akasema. Kuo-tung akainama mpaka kiunoni. "Baba, nina mafua. Naomba nile nje." Mtu aliyekana siku nne, akakiri mbele ya mtaa mzima. Hapo nilimpenda upya.

Wakatutolea meza ndogo uani, upepo unapeperusha mvuke wa supu. Bibi aliketi ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, akapaza sauti: "Huyo ndiye mkwe? Mbona mmemfungia nje kama jogoo?"

"Jogoo hawezi hata kuwika leo, Bibi," Kuo-tung akajibu kwa sauti iliyokwaruza. Bibi akacheka mpaka akashika ukingo wa dirisha.

Siku kumi zimepita. Kuo-tung amepona na amerudi kwenye patasi zake. Mimi na Mama mkwe ndio tunaoumwa sasa, naye bado anadai sindano. Kila asubuhi nampigia Mama simu kwa swali moja tu, na kila asubuhi jibu ni lile lile: Bibi hajakohoa hata mara moja. Kama hasira bado unayo, nitaipokea. Mwakani mtu akiwa na mafua, tutakula uani tena.

Nisalimie Bwana Tsai, na Chia-ling na Wei-jen, ambao sasa lazima wamenipita urefu. Mbingu ziwape afya na safari ya kuja kwetu.

Binti wa kaka yako, akupendaye hata ukimgombeza,

Pi-hsia