Namba Sita kwenye Kisanduku Chako

Mawkhar, Shillong
Jumatatu

Mdogo wangu Ibakordor,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Hujambo, na kazi ya duka la viatu inakwendaje? Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Ameniamuru nikuulize kama huko Guwahati mnauziwa samaki wakavu wa kweli au wale wa kudanganyia wageni. Mimi mzima. Nakula, nalala, sina neno.

Habari ni ya bendi. Mkubwa wetu, Bah Khrawbok, amenunua kibao cha kukanyaga. Anataka akikanyaga tu, vile visanduku ambavyo kila mmoja hujipimia sauti za wenzake za kuingia masikioni mwake vibadilike vyote kwa pamoja, kila wimbo na vipimo vyake. Nani wa kuviunganisha? Mimi, niliyejifunza umeme kwa kufungua redio mbovu za watu. Wenzangu wamekaa wanatafuna tambuu, mimi nimejikunja chini ya jukwaa na nyaya za midi, zile za kupitishia amri, shingoni kama mbuzi wa mnada.

Kazi yenyewe si ngumu ukijua hesabu. Kila kisanduku unakipa njia yake ili amri zisigongane, na kila sauti ina kipimo, kuanzia sifuri hadi mia na ishirini na saba. Ilibidi kwanza nisome vipimo ambavyo kila mtu alijiwekea, ndipo niviingize kwenye kumbukumbu ya kibao. Cha Khrawbok: sauti yake mwenyewe mia na ishirini, ngoma tisini. Gitaa langu, ambalo ni namba sita kwenye kila kisanduku, sifuri. Nikadhani waya umechomoka. Cha mpiga besi, sifuri. Cha Wanphai wa ngoma, sifuri.

Nikamuuliza Wanphai. Hata haya hakuona. "Bah, kaka yangu, wewe unakimbia mbele ya ngoma! Nikikuweka sikioni tunatumbukia wote korongoni. Ufundi hatukuwezi, bila wewe hatupati hata mlio. Lakini gitaa lako tunawaachia watu wa ukumbini, wao wanacheza tu." Khrawbok akaongeza kwamba ni mambo ya miaka, alidhani najua. Wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kukaza skrubu.

Jumamosi tulipiga kwenye harusi, Laitumkhrah. Wimbo wa pili nikatoa mkono kwenye nyuzi, nikasimama hivyo mpaka mwisho. Hakugeuka mtu. Nilingoja niumie, sikuumia. Niliwaza tu kwamba bega linapumzika.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Jana nilikitoa kisanduku chako kwenye mfuko ulimokiacha, nikiandae kwa mwimbaji mpya. Nikakiwasha. Ngoma arobaini. Khrawbok thelathini. Namba sita, mia na ishirini na saba. Juu ya hapo hakuna kitu.

Iba, walikutoa kwa sababu ulikuwa unaanza ubeti kabla ya wenzako. Nilikuwepo, na mimi nikasema dada yangu hashiki mapigo. Kumbe ulikuwa unanifuata mimi. Hukusema, nami sikuuliza.

Leo asubuhi nimewaeleza. Khrawbok amesema urudi uimbe, mwimbaji mpya atangoja. Gitaa nimelipandisha juu ya kabati. Nitabaki fundi. Kisanduku chako kipo mahali pake, na namba sita nimeishusha mwenyewe hadi sifuri. Usiipandishe.

Mama anakukumbusha uvae shali kwenye basi, na wapangaji wenzako uwape salamu zetu. Khublei, Mungu akubariki.

Ni mimi kaka yako,
Banteilang