Deka Sita na Robo

Alhamisi, 3 Mei

Kalamu bado inanitii. Miguu imevimba tena. Daktari amekuja, ameusikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha ameniuliza kama nina watu. Nikasema ninaye Bori. Huyo ni mhudumu wa manispaa, akasema. Ndiyo. Ninaye huyo.

Bori huja kila asubuhi. Ananiosha, ananivika soksi za kubana, anapasha supu. Zamani alikuwa muuzaji wa nyama na soseji pale karibu na stesheni, mpaka duka likafungwa. Ni mwanamke wa maneno mengi. Leo kimya. Nikamuuliza amegombana na nani. Akaangua kilio juu ya beseni!

Kumbe tarehe 18 ana mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, masomo ya jioni. Amefeli mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho, hawatampa nyingine. Na kinachomwangusha ni kilekile: kugeuza sehemu kuwa desimali, bila kikokotoo. Wanasema muuguzi asiyeweza hilo atamuua mgonjwa kwa sindano. Wanasema kweli.

"Mwalimu, kichwa changu mimi ni cha kukata soseji tu," akasema.

Nilifundisha hesabu maisha yangu yote katika mji huu. Tangu nistaafu watu huniuliza jambo moja tu: kama nimemeza vidonge. Nikamwambia alete karatasi na penseli. Jumatatu tunaanza.

Ijumaa, 4 Mei

Padri Gellért ameniletea komunyo. Akaniuliza kwa upole kama niko tayari. Nikamjibu niko tayari. Akafurahi, akala maandazi mawili ya jibini, akaenda zake.

Hapa hakuna atakayesoma, basi niandike kweli: siko tayari. Wiki iliyopita nilikuwa tayari kabisa — hata blauzi ya kuzikiwa nilishaichagua. Sasa nataka kufika tarehe 18. Nimemdanganya padri, naye ameshika komunyo mkononi! Hilo ndilo ungamo langu. Yeye sikumpa, nimeipa karatasi.

Na ungamo la pili, maana nimeshaanza: naogopa. Si moto wa huko. Naogopa kukatika katikati ya jambo.

Jumatatu, 7 Mei

Somo la kwanza. Nilimpa saba gawanya kwa nane. Aliandika vizuri, kama tulivyofundishwa sote hapa: nukta mbili katikati, jibu kulia, chini mabaki peke yake, kutoa kunafanyika kichwani. Saba haitoshi kwa nane: sifuri nzima, mkato wa desimali. Shusha sifuri — sabini. Nane, baki sita. Sitini. Saba, baki nne. Arobaini. Tano, hakuna baki. Sifuri nzima, 875.

Safi! Nikashangaa. Sasa anafeli wapi mtu huyu?

Nikampa moja gawanya kwa kumi na sita. Akaenda mbio, ulimi umebanwa kwenye meno. Akanipa 0,625.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa. Aliposhusha sifuri ya kwanza alipata kumi. Kumi haitoshi kwa kumi na sita. Akashusha nyingine, akapata mia moja, akaendelea — lakini kwenye jibu hakuandika kitu. Ile sifuri ya kati ameimeza. Jibu ni 0,0625. Lake ni kubwa mara kumi.

Nikamwambia. Akaitikia, akafuta, akaandika upya. Nikampa tatu gawanya kwa arobaini. Akaimeza tena!

"Lakini Mwalimu, sifuri si kitu. Kitu ambacho si kitu nakiandikia nini?"

Nilichoka, pumzi ikanipaa. Tukaacha.

Jumatano, 9 Mei

Usiku kucha nimelala nimeketi, mito mitatu mgongoni. Nafikiria ile sifuri.

Asubuhi Bori ananichana nywele, anasimulia habari za mteja mmoja wa zamani aliyekuwa akirudisha soseji kwa deka moja iliyozidi, yaani gramu kumi. Deka moja! Nikamshika mkono.

"Bori. Kilo moja ina deka ngapi?"

"Mia. Mwalimu, hujambo kweli?"

"Nimekuja dukani. Nataka moja ya kumi na sita ya kilo ya salami. Utanikatia deka ngapi?"

Akacheka. Hakuna mteja wa namna hiyo, akasema, huyo angefukuzwa. Nikamwambia mimi ndiye mteja, na sitoki. Akatazama dari. Nusu ni hamsini. Robo ni ishirini na tano. Nusu ya robo ni kumi na mbili na nusu. Nusu ya hiyo... deka sita na robo.

"Na juzi uliniandikia sifuri nzima, 625. Hizo ni deka ngapi?"

Kitana kikasimama kichwani mwangu.

"Sitini na mbili na nusu," akasema taratibu. Halafu akapiga kelele: "Yesu na Maria! Deka sitini na mbili! Hiyo salami ya kulisha harusi!"

Amekwenda nyumbani na nywele zangu zimechanwa upande mmoja.

Jumamosi, 12 Mei

Leo ni siku ya kwanza ya wale watakatifu watatu wa baridi, ambao sikukuu zao huleta baridi ya mwisho kabla ya joto, na kweli kumepoa. Jirani yangu Mzee Dezső ametoka kufunika miche yake ya nyanya kwa ndoo. Alikuwa dereva wa treni, hata akisema ni kama anapiga honi.

Sikuweza kuketi. Mistari michache basi.

Jumapili, 13 Mei

Afadhali leo. Bori hana zamu Jumapili, amekuja hata hivyo na tambi tamu zilizonyunyiziwa mbegu za popi.

Nimegundua jambo jingine. Jibu akilisoma, analisoma kama namba ya simu: sifuri-sifuri-sita-mbili-tano. Siku hizi hata kwenye televisheni wanasoma hivyo. Sisi tulifundishwa kutaja nyumba ya kila tarakimu, yaani nafasi yake. Nikamwamuru: kila ukishusha sifuri, taja kwanza umeingia nyumba gani, kwa sauti. Na nyumba ukiikuta tupu, utaandika kwamba ni tupu. Huwezi kuiruka, wa nyuma atahamia mbele.

Tatu gawanya kwa arobaini. Akasimama katikati ya jiko kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Sifuri nzima! Shusha — sehemu za kumi: thelathini, haitoshi, tupu! Shusha — sehemu za mia: mia tatu, saba, baki ishirini! Shusha — sehemu za elfu: mia mbili, tano! Imekwisha!"

0,075. Sawasawa!

Dezső akachungulia juu ya uzio, akaniita: "Sari, huyo mama anatangaza vituo vya treni?"

"Nyamaza, babu, wewe maisha yako yote ulifika umechelewa," Bori akamrushia.

"Nilichelewa, lakini sikuruka kituo!"

Tulicheka mpaka nikakosa hewa. Bori akanifungulia dirisha, akanishika mabega mpaka ikarudi. Ninaandika hili kwa furaha.

Jumanne, 15 Mei

Daktari anataka nilazwe leo hii. Maji yamefika mapafuni. Nikasema Jumamosi, mtihani wa Bori ukishapita. Akasema Jumamosi hatuijui. Nikasema hata yeye haijui Jumamosi yake. Akaandika vidonge vikali zaidi, akaondoka amenuna.

Kumbe Bori alikuwa mlangoni. Akavua aproni. Akasema Ijumaa haendi kokote, atakaa hapa, mtihani si mtu.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwa miaka mingi.

"Ukibaki, nitakufa kwa makusudi!"

"Mwalimu, usiseme hivyo!"

"Nitakufa Ijumaa asubuhi, saa ya mtihani, ukose vyote viwili!"

Akanitazama. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Akafunga aproni tena. Tumekubaliana: Dezső atakaa nami siku hiyo. Sehemu tano tulizigawanya baadaye. Zote sawa, na kila nyumba imetajwa. Anaijua sasa. Anaijua!

Alhamisi, 17 Mei

Leo hakuna somo. Alinikata kucha tu. Aliomba nimpe swali la mwisho, nikakataa. Mikono yake ilikuwa baridi.

Ijumaa, 18 Mei

Dezső amefika mapema, amevaa tai! Ameketi kando ya kitanda na saa yake ya reli. Kila mara ananiambia: sasa wanagawa karatasi. Sasa wameanza. Nikamwambia aache, moyo wangu hauhitaji mtangazaji.

Vidonge vimenisaidia. Sasa nimehamia kitini karibu na meza.

Baadaye.

Bori amerudi. Hakubisha hodi. Uso mwekundu, koti upande.

"Mwalimu, haiishi!"

Nini haiishi? Akadondoka kitini. Maswali manane ameyamaliza, yote nyumba kwa nyumba, midomo ikitembea mpaka msimamizi akamkemea. Swali la tisa: tatu gawanya kwa saba. Akashusha, akashusha, haikwisha. Karatasi ilisema wazi wakate kwenye sehemu za elfu. Yeye hakusoma! Aliendelea, akidhani amekosea mahali, maana zetu zote zilikuwa zinaisha. Sikuwahi kumpa hata moja isiyoisha. Nilitaka apate moyo.

"Kisha?"

"Kisha nikaangalia mabaki. Mbili, sita, nne, tano, moja... na tatu. Tatu, Mwalimu! Nilianza na tatu! Nikajiambia Bori, hujakosea. Imerudi mlangoni, inataka kuingia tena kwa njia ileile. Nikaandika tarakimu sita, halafu nikaandika kwa maneno: inazunguka hivi daima. Halafu kengele. La kumi sikuligusa."

Dezső akauliza hiyo ni kufaulu au kufeli. Hajui. Mimi pia sijui. Inategemea nani anasahihisha: mwenye haraka, au mtu wa hesabu. Majibu yatabandikwa tarehe 4 Juni. Bori akahesabu kwa vidole, kisha akanitazama, akageuza macho haraka. Nikamwambia nitasubiri. Leo sidanganyi mtu — nasema nitasubiri.

Nikadhani atakwenda kulala. Hapana. Amekula tambi amesimama, halafu ameniuliza: saba inarudi baada ya tarakimu sita kwa kuwa mabaki mengine hayapo, sivyo? Chini ya saba kuna sita tu! Je, ipo inayokwenda mbali zaidi kabla ya kurudi?

Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nimempa moja gawanya kwa kumi na saba. Yuko mbele yangu sasa hivi, viwiko mezani. Dezső amevuta kiti, anamwambia ameruka nyumba, kumbe hakuruka. Sehemu za kumi: tupu. Sehemu za mia: tano, baki kumi na tano. Karatasi inaelekea kujaa na bado hajarudi kwenye moja. Ananiita nitazame, anasema Mwalimu acha kuandika, njoo uone, hili baki sijaliona ba—