Simu Iliyokatika Kwenye Maharage

Kambi ya Nduta, Kibondo
Desemba 2015

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Makere? Baba mgongo umepoa? Bibi anakula? Watoto wa kaka hawajambo? Yule mbuzi wa pembe moja bado anavunja nyua za watu? Na maharage, mvua hizi hazijayaozesha? Mimi mzima, na nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Kwa kuwa hapo nyumbani simu haishiki mpaka mpande kilimani, nimempa dereva wa basi la Kasulu barua hii. Elias mdogo wangu akusomee polepole, asirukeruke.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Kule mwisho wa kambi, upande wa msituni, mtandao haufiki. Mjamzito akishikwa na uchungu, lazima mtu atembee hadi zahanati kuita gari. Sisi tumeweka visanduku vya redio juu ya nguzo, vinapokezana sauti mpaka ifike zahanati. Programu yake ni huria, yaani walioiandika huko ng'ambo wameacha maandishi yake wazi kwa yeyote, nasi tumeyachukua tukaijenga wenyewe hapa hapa. Ni kama kusaga muhogo wako, Mama, badala ya kununua unga usiojua umechanganywa na nini. Umeme ulipokatika katikati ya kazi tulianza upya, na mimi nikaitukana mashine kwa Kiha ili wenzangu wasielewe.

Ilipokubali, tulijaribu: "Haloo, unanipata?" "Nakupata." Tukapeana mikono. Simu ya kule mwisho tukamkabidhi Mama Espérance, mama wa Kirundi anayesaidia wajawazito. Mkwewe Jeanine alikuwa amekaribia kujifungua, na mtoto wake wa kwanza alifariki njiani walipokuwa wakikimbia Burundi. Mama Espérance alikuwa akilala na simu ile chini ya mto.

Basi ikaanza kukatika. Kila akipiga, inakufa kabla hajasema shida. Injinia, mkubwa wetu kutoka Dar, akasema ni mlima, tukahamisha nguzo. Akasema ni mvua, tukafunika visanduku. Mwisho akasema huyo mama ana maneno mengi, aache salamu. Wewe unajua, Mama, mtu wa kwetu akikupigia bila salamu maana yake nini. Siku aliyotaka Jeanine apimwe tu, Mama Espérance alipotii na kusema, "Njooni kwa Jeanine," nesi wa zahanati, ambaye ni Muha kama sisi, aliangua kilio. Walikwenda na shuka la kufunikia maiti, wakamkuta Jeanine anachambua mchicha.

Mama Espérance alinirudishia simu mkononi. "Chukua chombo chako, mwanangu. Mimi siwezi kumpa mtu shida yangu sijamuuliza amakuru, habari zake. Nitatembea kwa miguu."

Injinia akatangaza kwamba Ijumaa visanduku vinashushwa na kurudishwa Kasulu. Niliumia sana. Nikamwomba Mama Espérance apige tena, mimi nikiwa nimekaa ubavuni pake. Akaanza na salamu yao ya amani, amahoro, kisha wazee, watoto, mbuzi, "na maharage yako..." Ikakatika. Akapiga tena. Ikakatika kwenye maharage. Hayo haachi kuyauliza, maana ya kwake aliyaacha Burundi yakiwa na maua, hajui nani atavuna. Mara ya tatu ilipokufa palepale, nilisimama. Mlima haujui salamu, Mama, wala mvua haiwajui mbuzi. Kama inakata pale pale kila mara, basi kuna mtu ameiandika hivyo.

Nikafungua maandishi ya programu nikasoma mpaka macho yakauma, na nikaukuta. Mstari mmoja tu: simu ikifika dakika moja, ifungwe. Nadhani mwandishi alikuwa anajaribu jambo lake, akasahau kuufuta. Na "haloo, unanipata" haifiki dakika, ndiyo maana hatukuuona. Nikaufuta, nikaijenga programu upya, nikaipakia kwenye kila kisanduku. Nikawaandikia walioiandika huko ng'ambo, nao wameuondoa kwa watu wote.

Jana asubuhi nilikuwa zahanati simu ilipoita. "Amahoro, mwanangu. Mmeamkaje?" Nyuma yake nilimsikia Jeanine akiugulia. Wazee. Watoto. Nesi akanitazama, mimi nimeng'ang'ania meza. Mbuzi. Maharage.

"Mazuri, Mama, yamestawi," nesi akajibu.

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe. Haya, tuleteeni gari, uchungu umeshika."

Gari likaondoka. Jeanine amejifungua hospitali, mtoto wa kike, kilio chake kinasikika mpaka getini. Nililia mbele ya watu, Mama, na sikuona haya. Visanduku havishushwi tena.

Jioni Injinia alimpigia Mama Espérance kumpongeza. "Mama, hapa Injinia, nataka kusema..."

"Nani amekufa?" akauliza Mama Espérance.

Injinia akatutazama, akavuta kiti, akaanza upya na amahoro.

Nisalimie baba, bibi, shangazi wa dagaa pale sokoni, na mwalimu wangu wa hesabu ukikutana naye. Wenzangu wananiuliza nilijifunzia wapi kusikiliza vile. Nimewaambia nina mama aliyekuwa akinirudisha mlangoni kila nilipoingia na shida kabla ya salamu.

Ukinijibu, usikimbilie habari. Niulize kwanza yote, mpaka maharage. Shamba sina huku, lakini niulize tu.

Mwanao,
Editha