Kipimo cha Nyakerario

Nyacheki

Mdogo wangu Jethro,

Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Kisii mjini, wewe, shemeji Nyaboke na Haron. Huku tunachuma chai, na mgongo wangu unalalamika kuliko mimi.

Kosa la watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kisukari humtafuta mtu mnene. Binti yako Nyakerario, tunayeishi naye hapa kwa ajili ya shule, amekuwa akikonda tangu Januari, na majirani wakasema ni kifua chake kile kile. Lakini sistiki faibrosisi, ugonjwa aliozaliwa nao yeye na mdogo wake Haron, hauishii mapafuni. Ute mzito huziba pia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, na mwaka hadi mwaka hukichakaza. Ndiyo maana daktari hutaka wapimwe kila mwaka kuanzia miaka kumi, hata wasipokuwa na dalili.

Tulimpeleka kliniki bila kula tangu usiku. Akatolewa damu, akanywa maji ya glukosi, tukangoja saa mbili, akatolewa tena. Mke wangu Bathsheba alimuuliza muuguzi kwa nini mtoto anayehimizwa kula kila siku leo anaadhibiwa kwa njaa. Muuguzi akacheka, akamwambia mama avumilie, uji haukimbii. Damu ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilionyesha kisukari, na kipimo kiliporudiwa, kikawa vile vile. Ameanza insulini, na tumeagizwa tusimpunguzie chakula hata kijiko.

Mwaka jana nilikuandikia kwamba amepimwa na yuko salama. Hakupimwa, Jethro. Niliona vibaya kumshindisha njaa mtoto tuliyehangaika kumnenepesha, nikaamua kuangalia mkojo wake nyuma ya nyumba, kama wazee walivyofanya, nione kama sisimizi watakusanyika kufuata sukari. Hawakuja. Mimi niliyefundisha sayansi miaka thelathini nikaridhika. Nilipomweleza Bathsheba juzi, aliniuliza hao sisimizi walisomea udaktari chuo gani.

Kwa neno langu hilo, wewe nawe hukumpeleka Haron. Ulisema ikiwa dada yake aliye mgonjwa zaidi ni mzima, yeye ana nini. Sasa ana miaka kumi na mmoja na hajapimwa hata mara moja.

Bathsheba anawasalimu. Nyakerario anamwambia Haron kwamba sindano haiumi kama anavyofikiri. Nisamehe utakapoweza, hata kama si sasa.

Leo hii mpigie simu muuguzi wa kliniki, uombe tarehe ya kumpima Haron.

Kaka yako,
Sylvanus Mokua