Zulia Kwenye Theluji ya Hässelby

Mdogo wangu Rehema, poleni na joto la huko!

Huku Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, leo ndiyo siku fupi kuliko zote za mwaka: jua limechungulia, likarudi lilikotoka. Kesho mchana unaanza kurefuka, nami sipokei mwanga mpya na vumbi la zamani. Nikaburuta zulia la mwanangu Neema hadi uani, nikalilaza kifudifudi juu ya theluji kavu kama unga, nikalicharaza kwa mpini wa ufagio. Neema akashuka mbio: "Mama, jamani! Huku hatufanyi hivyo, majirani wanakuona!" Nikaliinua. Theluji nyeusi tii, zulia linang'aa!

Mara akatoka bibi kizee wa Kiswidi wa ghorofa ya chini. Nikajua leo nitagombezwa. Kumbe kakumbatia zulia lake! Neema akatafsiri kwa aibu: mama wa bibi huyo alisafisha hivyohivyo kila mwisho wa mwaka, na yeye tangu utotoni hajaona mtu akifanya.

Tukacharaza sote wawili mpaka giza la saa tisa alasiri.

Nawe ulisema nikija huku nitakaa kama pambo! Wabusu wanao, na uwaambie mama yao mkubwa amekuja Ulaya kuwakumbusha Waswidi mila zao wenyewe.

Dada yako,
Mama Neema