Wembe wa Fundi Saa

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kaniletea wembe leo. Namwita shemeji kwa sababu mimi na marehemu mumewe, fundi saa wa kona ya pili, tulikuwa kama ndugu. Ni ule wembe wake wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Nilimnyoa nao miaka yote kinyozini hapa. Na mara ya mwisho kabisa, mwaka jana, chumba cha maiti. Basi, yaishe.

"Umekuwa butu, shem. Ninolee vizuri. Si unajua ngozi yake inavyochubuka?"

Yake! Nikadhani ulimi umeteleza.

Nimeunoa jioni. Jiwe likaloa, wembe ukalala bapa, mgongo na makali viguse jiwe pamoja, makali yatangulie. Bila kukandamiza. Kisha mkanda wa ngozi. Hapo ni kinyume, mgongo ndio utangulie, la sivyo unakata mkanda na makali yote yanakwenda na maji. Nikaujaribu mkononi — vinyweleo vikaanguka kama vimeombwa. Safi sana! Najisifu mwenyewe, nani mwingine atanisifu?

Jumamosi, 9 Machi

Wembe umerudi. Butu! Makali yale, mtu angenyolea muda mrefu akiupiga mkanda tu.

"Shemeji, umekatia waya?"

Akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyelala vizuri. Ati ndevu za mumewe zimekuwa ngumu siku hizi.

Alipoondoka, dada yangu akachomoza. Anasuka nywele upande wa pili wa pazia, lakini masikio yake hayana pazia. Anasema upweke umemvuruga mama wa watu, niwapigie wanawe. Nikamwambia labda ananyolea miguu. Dada akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafungua wembe. Kwenye maungio ya mpini, povu lililokauka. Ndani ya povu, ndevu. Fupi, ngumu, za mvi.

Dada sijamwambia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempigia binti yake. Anasema mama ni mzima wa afya, anakula, anaimba jikoni. Ila chumba cha nyuma haruhusu mtu kuingia. Nikaaga haraka.

Nimeunoa tena. Kila nilipoupitisha kwenye mkanda, harufu ya mafuta ya saa. Nimefuta mkanda kwa kitambaa. Bado. Nimenawa mikono — bado!

Jumatano, 13 Machi

Shemeji kachukua wembe wake. Kanishika mkono tu. Vidole vinamtetemeka.

Usingizi haba. Dada anasema nimepauka kama nimepakwa unga.

Ijumaa, 15 Machi

Mchana shemeji alikuja mikono mitupu. Macho mekundu.

"Nimemkata, shem. Hapa, chini ya taya. Mkono haunitii tena. Anakutaka wewe."

Dada akanikonyeza nisiende. Nimekwenda. Nilijiambia nitamtuliza, nitapunga wembe hewani kidogo, anywe chai, alale.

Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa, jua tele. Saa za ukutani zote zinatembea. Kiti kitupu, kimegeuziwa dirisha. Taulo juu yake limekaa kama liko mabegani. Nikasema upepo tu utaliangusha. Halikuanguka.

Shemeji akachovya brashi, akakoroga sabuni, akapaka. Hewani. Na povu likakaa! Shavu likatokea. Kidevu. Lile bonde dogo chini ya mdomo, ambalo wembe daima hulikosa. Pua wala macho hakuna — povu tu, limeshika umbo lake.

"Kwa namna hii tu ndiyo namwona," shemeji akasema. "Anza upande wa kulia. Polepole."

Nikaweka kidole kuvuta ngozi. Ipo. Na ina joto.

Nikanyoa. Ule mkwaruzo wa ndevu zikikatika, siwezi kuukosea. Lakini wembe ulipopita, povu likaondoka, na shavu likaondoka nalo. Nyuma ya wembe, dirisha tupu. Shemeji hakupepesa macho. Sasa nimeelewa kwa nini anamnyoa polepole mpaka mkono unamtetemeka.

Nilipomaliza upande wa kulia wembe ukaanza kung'ang'ania. Nikasikia pumzi ikivutwa, ya mtu anayeumia. Nikaomba dakika nikaupige mkanda.

Niko ukumbini. Mkanda nimeufunga kwenye kitasa, daftari hili lilikuwa mkobani, naandika ili mikono itulie. Mlango wa mbele uko wazi. Naiona barabara, mtu anasukuma baiskeli yenye pancha, jirani anaanua nguo. Hatua chache tu na nimetoka! Lakini mle ndani pamebaki nusu uso. Umwachaje mtu na nusu uso?

Shemeji anaongea naye, taratibu, habari za binti yao. Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Anacheka.

Sasa ananiita. Povu linakauka, anasema — halafu hapo hapo: "Lakini usiharakishe, shem."

Nimejaribu wembe mkononi. Una makali kabisa, hauhitaji mkanda tena.

Ninaupitisha kwenye mkanda. Na tena.